Nilivyokuwa Mgeni Rasmi kwa Hela ya Mkopo

Naanza kwa kukiri kabisa, ili mwenye roho nyepesi ajitayarishe: mimi Adventina, msichana niliyemaliza kidato cha sita vizuri tu na kupata chuo, nimewahi kukaa meza kuu na ua kifuani mbele ya kigango kizima, kwenye harambee ya kununua bati, halafu harambee ikageuka katikati ikawa ya kunichangia mimi mgeni rasmi. Siyo kwamba nilifiwa, siyo kwamba niliugua. Kwetu Nyakakika mpaka leo nikipita njiani kuna watu wanasimama pembeni na kuinamisha kichwa wakijifanya wananipisha, na mimi najua kabisa wananicheka.

Majibu ya mkopo wa elimu ya juu yalitoka mvua zikiwa zimeshashika, nikaenda Kayanga kwenye steshenari moja karibu na stendi kwa sababu kioo cha simu yangu kilikuwa kimepasuka kiasi kwamba kila namba niliiona nane. Yule dada wa steshenari akaingiza namba yangu, kompyuta ikazunguka, ikazunguka, akajipepea na bahasha, ikazunguka tena, halafu akasema, "Hongera, umepangiwa." Nilipiga ukelele hadi mteja aliyekuwa anapiga picha za pasipoti akafumba macho, ikabidi apigwe upya.

Sasa naomba mnielewe hapa. Kwenye ile akaunti wanakuonyesha ada wamekupangia kiasi gani, chakula na malazi kiasi gani, vitabu kiasi gani, na ada yenyewe huioni kwa macho, inatoka huko inaingia chuoni moja kwa moja, wewe kazi yako ni kusaini tu. Ya kula ndiyo inayokufikia, tena kwa awamu, tena ukiwa umeshafika na kusajiliwa (wanafunzi wanaiita bumu, na mimi nilianza kuiita bumu siku hiyo hiyo bila hata kuiona). Na yote ni ya kurudisha. Ufadhili wa bure kabisa upo, ila wanapewa vichwa vilivyofaulu sana masomo ya sayansi, na mimi sayansi tuliagana kidato cha pili kwa amani.

Yote hayo nilikuwa nayajua. Lakini wakati narudi nyumbani, Kamara, dereva wa bodaboda aliyenibeba, akaniuliza, "Dada Adve, kwa hiyo serikali imekupa ngapi?" Mtu mwenye akili zake angejibu Mungu ni mwema, basi. Mimi nikajumlisha ada na chakula na vitabu, nikazidisha kwa miaka yote mitatu ya kozi, nikamtajia jumla. Kwa nini? Sijui. Upepo ulikuwa mzuri na nilikuwa na furaha.

Kamara alifunga breki katikati ya barabara, akageuka akaniangalia vizuri, halafu akaendesha taratibu mno kana kwamba amebeba trei ya mayai. Aliposimama kuweka mafuta akawaeleza, aliposimama kushusha furushi la mtu akaeleza, na tulipofika kwetu nikampa noti nikisubiri chenji, akacheka kwa uchungu kabisa, "Na wewe Dada Adve, chenji ya nini tena?" Akaondoka nayo.

Kesho yake hapakukalika. Mzee mmoja jirani, mwenye wajukuu wa umri wangu, alifika uani akaniamkia shikamoo, na mimi (nisameheni) nikaitikia marahaba kabla akili haijarudi. Binamu yangu akaja kutoka Kyerwa na begi la nguo, ana mpango wa kununua na kuuza kahawa, mpango wote uko kichwani, kilichobaki ni mtaji tu. Mama alimenya ndizi kutwa nzima. Baba alikaa na wageni barazani wakitafuna punje za kahawa, haongei sana, anatabasamu tu akiangalia shamba lake. Je, niliwaambia kwamba ni mkopo? Niliwaambia, naapa, ila niliwaambia kwa sauti ile ya mtu anayekataa sifa ili aongezewe.

Jioni akafika katekista Evodi. Kigango chetu kilikuwa kimeezuliwa na upepo upande wa nyuma, huku kwenye altare kuna bati na kule mlangoni kuna turubai lililochoka, kwa hiyo waliokuwa wanachelewa ibada ndio waliokuwa wanalowa, na katekista alikuwa haoni ubaya wake sana, lakini sasa turubai nalo lilikuwa linaachia. Akakaa, akanywa chai yote, akasema, "Binti yetu, miaka yote mgeni rasmi tunamtoa nje. Diwani, sijui mfanyabiashara wa kutoka Bukoba. Safari hii Mungu ametuletea wa kwetu."

Mama akapiga vigelegele kabla sijafungua mdomo.

Ningesema hapana pale pale, saa hizi ningekuwa mtu wa heshima zake. Lakini hebu fikirieni, msichana, wa kwanza kutoka kwetu, jina langu kwenye spika. Tena nilikuwa na mpango. Wageni rasmi wote niliowahi kuwaona walisimama, wakatoa ahadi, wakapigiwa makofi, wakapanda gari. Nikajiambia na mimi nitaahidi, bumu likitoka nitatuma kidogo, mambo yamekwisha. Ahadi haina uzito hata ukiibeba kwenye mkoba mdogo.

Jumapili ikafika. Mama aliniazimia viatu kwa mke wa mwalimu mkuu, vikubwa, nikavijaza pamba. Kwenye mkoba wangu alitia bahasha ya hela ya kahawa ambayo baba aliniwekea, ndiyo nauli ya kwenda chuo na ile sehemu ya ada ambayo mkopo haukuifikia, akasema heri nitembee nayo kuliko kuiacha nyumbani na ndugu walivyojaa mle ndani. Kwa hiyo nilikaa meza kuu na chuo changu kwenye mkoba, kwenye kiti cha plastiki kilichovishwa kitambaa cha kufuma, mbele yangu soda mbili, moja ya kunywa na moja ya kupendezesha meza. Kwaya wakaimba wimbo waliomwimbia diwani, walitoa jina lake wakaweka langu, ila langu refu, kila wakifika pale wanalikimbiza hadi mpiga ngoma anaachwa nyuma.

Ikasomwa risala. "Ndugu mgeni rasmi, tunaishukuru serikali kwa kukutunuku." Nikatabasamu. Zikaja changamoto: bati, mbao, misumari, ngoma mpya ya kwaya, na choo. Nikaandika andika kwenye karatasi kama nilivyowaona wakubwa wanafanya (nilikuwa naandika jina langu).

Halafu katekista akachukua kipaza sauti. "Na safari hii, ndugu zangu, ahadi hatupokei. Ya mgeni rasmi aliyepita tunaisubiri mpaka leo na mvua inatunyeshea. Safari hii ni mkono na kikapu!"

"Ameni!" watu wakaitikia, na kikapu kikawekwa mbele yangu, kikubwa, kile cha kubebea viazi.

Nilisikia jasho linashuka mgongoni mpaka kwenye pamba za viatu. Nikafungua mkoba, nikaiona bahasha, nikafunga. Nikafungua tena, watu wakaanza kupiga makofi ya kunisindikiza. Baba alikuwa mstari wa tatu amevaa koti lake la harusi, na nikajua nikiitoa ile bahasha mimi chuo nitakisikia redioni. Nikasimama, nikashika kipaza sauti, kikapiga mluzi.

"Wapendwa," nikasema, "ile hela sinayo."

Katekista akaninong'oneza, ila spika ilikuwa imeshamsikia, "Iko wapi?"

"Serikalini."

"Itakuja lini?"

"Ada haiji kwangu, inaenda chuoni. Ya kula ndiyo itakuja nikishafika, kidogo kidogo. Halafu yote nitairudisha. Ni mkopo. Nilisema ni mkopo."

Mstari wa mbele alikuwa amekaa shangazi Leontina, dada yake baba, amejipangia kiti mwenyewe kwa haki ya undugu. Akasimama polepole. "Mkopo kweli kweli? Ule wa kurudisha?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mawe, mama yangu!" akashika kichwa. "Mtoto wetu ameingia kausha damu!"

Inabidi mjue kwamba shangazi alishawahi kukopa kwenye ile mikopo ya mitaani wanayoiita kausha damu, akachelewa marejesho, wakaja wakabeba redio, masufuria na godoro, na juu ya godoro alikuwa amelala mume wake, amelewa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, hajitambui, wakaja kumshusha mbele ya safari baada ya kuona mzigo ni mzito. Kwa shangazi na kwa nusu ya akina mama waliokuwa pale, neno mkopo maana yake ni watu wenye pikipiki kupiga hodi alfajiri. Na mimi nilikuwa nimetaja mamilioni. Niliona nyuso zikibadilika moja moja, ule wivu wa wiki nzima ukageuka huruma mbele ya macho yangu.

"Lakini sidaiwi sasa hivi," nikasema, "nitaanza kurudisha nikimaliza, nikipata kazi!"

"Ndivyo wanavyosemaga," akajibu shangazi, na akina mama wote wakaguna pamoja.

Akafungua upindo wa kitenge chake, akatoa noti iliyokunjwa hadi ikawa punje, akapita kando ya kikapu cha bati bila kukiangalia, akaiweka mapajani kwangu. Nyuma yake akaja mwingine na kuku. Akaja mwingine na kuku mkubwa zaidi. Katekista ni mtu mwerevu, anaelewa upepo ukigeuka, akatangaza mnada hapo hapo: mkungu wa ndizi uliokuwa unanunuliwa kwa ajili ya misumari ukanunuliwa kwa ajili ya deni langu, bakuli la senene wa kukaanga likapandishwa bei hadi binamu yangu wa Kyerwa, yule aliyekuja kuniomba mtaji, akalichukua huku anafuta machozi (na akaanza kuwala pale pale). Kamara akapenya katikati ya watu, hanitazami usoni, akanirudishia chenji yangu. Na mimi nimesimama na ua kifuani, nasema jamani nisikilizeni, jamani msitoe, na kadiri nilivyokataa ndivyo walivyozidi kuona jinsi deni lilivyonichanganya akili.

Hapo ndipo baba aliposimama, na kwangu mimi kicheko kikaishia hapo.

"Adve," akasema, "ile karatasi niliyotia sahihi kwa mwenyekiti wa kijiji, ya mdhamini. Ilikuwa ya nini?"

"Ya kunidhamini mkopo, baba."

"Mimi nilidhani natia sahihi kwamba wewe ni mwanangu."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, siyo kwangu, kama anajisemea mwenyewe, "Nimemuuza mtoto butura."

Hapo hakucheka mtu. Butura kwetu ni pale unapobanwa na shida, unamwuzia mtu kahawa yako ikiwa bado maua mtini, anakupa hela ya kukuvusha wiki hiyo, na ikishaiva anakuja na magunia yake anavuna shamba zima, wewe umesimama mlangoni unaangalia. Baba alifanya hivyo mama alipolazwa. Mama alipona, lakini kahawa ilivunwa na mtu mwingine msimu ule na uliofuata, na kaka yangu, aliyekuwa na akili kunizidi mimi, aliishia darasa la saba. Baba hajawahi kulizungumza. Mimi nililisikia kwa mama.

"Adventina haendi," baba akasema. "Kesho tunakwenda Kayanga tuwaambie wachukue hela yao."

Nililia. Sina namna nzuri ya kulisema, nililia kwa sauti, na kipaza sauti kilikuwa bado mkononi, kwa hiyo kilio changu kilisikika hadi kwa wanywaji wa rubisi ng'ambo ya barabara, baadhi wakaja kuuliza nani amefariki.

Mvua ndiyo iliyotuokoa, maana ilishuka kwa kishindo, turubai likaachia upande mmoja, na kigango kizima kikakimbilia kule kwenye bati, tukabanana watu, kuku, ndizi na spika. Nikajikuta nimebanwa kifuani kwa baba, katikati yetu kuna jogoo. Hapakuwa na pa kwenda, na hapakuwa na siri, maana kila mtu alikuwa ametega sikio.

Baba akaniuliza, "Mnunuzi wa butura anakuja lini?"

"Kahawa ikiiva," wakajibu watu nyuma yangu.

"Anavuna nani?"

"Anavuna yeye!"

"Hawa wako," akanigeukia, "wanakuja lini?"

Nikajifuta pua. Nikamweleza taratibu, kwa mara ya kwanza tangu mwanzo, bila madaha, nusu Kinyambo nusu Kiswahili: kwamba wao wanatoa sasa, nasoma hadi namaliza, hawaji; natafuta kazi, nikipata kazi navuna mimi, mshahara unaingia kwa jina langu, ndipo wanakata sehemu yao kila mwezi mpaka deni liishe. Kwamba nisipopata kazi haraka deni halifi, linanisubiri, sitaki kumdanganya. Kwamba shamba hawaligusi.

"Wanakuacha uvune kwanza?"

"Ndiyo, baba."

"Hawaji kulinda shamba?"

"Hawaji."

"Na mimi mdhamini wananifuata kwa lipi?"

"Nikipotea. Nikipotea wasinione, wanakuja kukuuliza wewe."

Jogoo akajitikisa, akatumwagia maji wote wawili. Baba akajifuta uso. "Utapotea?"

"Sipotei, baba."

Akageuka kwa katekista, kwa shangazi, kwa watu wote waliobanana pale, akasema kwa sauti ya mnadani, "Hawa watu biashara hawaijui! Wananunua maua halafu wanamwachia mwenye shamba avune?" Akanisukuma begani. "Nenda chuo upesi, kabla hawajashtuka."

Watu walicheka mpaka wakaanza kukanyagana. Mama alipiga vigelegele, safari hii na mimi nikapiga vyangu. Katekista akauliza basi michango irudi kwa wenyewe au inakuwaje, shangazi akasema chake hakirudi, baba akasema vyote viende kwenye bati, na ndivyo ilivyokuwa. Na nawaambieni ukweli ambao katekista hapendi niuseme: kwa ajili ya nyumba ya Mungu watu walikuwa wanatoa vikohozi, kwa ajili ya deni langu walitoa kuku. Bati limekamilika. Siku hizi hata wanaochelewa hawalowi, na wanachelewa zaidi.

Mimi nimejifunza adabu. Mtu akiniuliza serikali imenipa ngapi, namjibu nadaiwa, na mazungumzo yanaishia hapo. Na wallahi sitakaa tena meza kuu ya mtu yeyote, hata iwe harusi yangu, nitaomba nikae na wapishi. Siku nikihitimu nikaanza kazi, mshahara wa kwanza ukiingia umekatwa, nitampigia baba kabla ya mtu yeyote nimwambie wamekuja, na wamechukua kidogo.

Kwa sasa yeye ndiye anayepiga. Kila Jumapili baada ya ibada, salamu zikiisha, baba anashusha sauti: "Hawajaja?"

"Bado, baba."

"Hawajashtuka kweli?"

"Bado."

"Basi soma upesi," anasema, na anakata simu.